Muulizeni daktari atatumia mshipa gani

Hii ndio hotuba ya baipasi, ile operesheni ya mishipa ya moyo, niliyotoa Jumamosi baada ya Alasiri pale Langoni, Lamu, naiweka yote kwa wale hawakuweza kuja, hasa nyinyi wa Faza na Kizingitini manake naskia maji yalikuwa yashatoka Mkanda, ule mkondo wa kupitia boti, na boti ikakwama. Nimeiandika kutoka kwa rekodi ya simu, picha nilizokuwa nikionyesha ukutani nimeziacha, maneno nimeyaacha vile yalivotoka.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, mashangazi, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni ambao najua mwangoja kahawa na halwa tu, ahsanteni kwa kuja. Wengi hapa mwanijua. Mimi ni mtoto wa hapa, nimesoma hapa, nimeangushwa na punda hapa, na sasa ni mwaka wa 12 nafanya kazi ya unasi ndani ya thieta ya moyo huko Nairobi. Mimi si daktari, tafadhali msije mkatoka hapa mkasema daktari kasema. Mimi ni yule anaesimama kando ya daktari akampa mkasi, akampa uzi, akahesabu vitambaa kisibaki hata kimoja ndani ya mtu. Lakini ukisimama pale miaka 12 wayaona mambo ambayo aliyelala mezani hayaoni, na ndugu zake walioko nje hawaambiwi.

Nimekuja na swali moja tu yeo. Moja.

Mtu wetu akiambiwa mishipa ya moyo imeziba ataka baipasi, sisi watu wa Lamu twafanya nini? Twachanga. Na kwa kuchanga, mashallah, hatuna mfano. Msikitini twachanga, WhatsApp twachanga, huyu auza ng'ombe, yule atoa mkufu, pasipoti yatafutwa, mgonjwa avushwa Mokowe ama apandishwa ndege Manda, na mji mzima wampigia dua. Twauliza ni pesa ngapi. Twauliza ndugu atakaemsindikiza atalala wapi. Twauliza chakula cha huko ni halali. Maswali mazuri yote. Sasa niambieni, nani hapa ashawahi kumuuliza daktari: utatumia mshipa gani?

Mwaona? Kimya. Msione haya, hata mimi sikuuliza, na ntawaeleza ilinigharimu nini.

Lakini kwanza hii baipasi yenyewe, manake kuna mengi yasemwayo barazani. Moyo ni kama ngumi yako. Wapiga kama mara laki moja kwa siku, wasukuma damu mwili mzima, lakini ile damu ilojaa vyumbani mwake si hiyo ainywayo, kama mchuuzi wa maji aliye na kiu. Yeye ana mishipa yake midogo ya juu, imemzunguka kama taji, na upana wake ni milimita 2 mpaka 4 hivi. Hiyo ndio huziba, kwa mafuta, kwa chokaa, kwa sigara, kwa sukari, kwa presha. Ikiziba mtu ahisi kifua chabanwa akipanda ngazi, sisi twamwambia ni gesi, tia tangawizi. (Kifua kikibana na jasho la baridi likatoka na maumivu yakapanda taya ama mkono, hiyo si gesi, huyo mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Tuendelee.)

Sasa fikiria boti ya Faza. Ndia yake ni Mkanda. Maji yakitoka Mkanda wakauka, je nahodha ashuka na jembe achimbe mchanga? La. Akiwa na haraka azunguka kwa nje ya Manda, apita bahari kuu, afika Faza. Hiyo ndio baipasi. Daktari hazibui pale palipoziba, anaepanua pale pale ni yule wa kuweka stenti, kile kijibomba cha waya. Wa baipasi apaacha vile vile, achukua mshipa mwengine aushona mbele ya palipoziba, kwa uzi mwembamba kama unywele, na damu yapata ndia ya kuzunguka.

Haya, huo mshipa mwengine watoka wapi? Dukani? Waagizwa China? Watoka kwako wewe mwenyewe. Na hapa ndipo penye hadithi yote, manake mwilini kuna sehemu tatu ambazo madaktari hupenda kuchukua, mguu, kifua na mkono, na hiyo mitatu hailingani hata kidogo.

Nianze na mguu manake ndio mnaoujua. Mtu akirudi kutoka baipasi twaona kovu refu kutoka kifundoni likipanda juu, watu husema eti walimfanyia moyo kupitia mguuni. Hapana, mguuni walichukua vena, mshipa wa kurudisha damu. Alieufanya huo mtindo ukaenea dunia nzima ni daktari wa Argentina, René Favaloro, mwaka 1967, akiwa Cleveland huko Marekani. Mimi napenda sana habari zake, manake huyu bwana kabla ya hapo alikuwa daktari wa kijijini miaka 12, kijiji cha mbali kwao huko cha upepo na vumbi, hana hili hana lile, akitibu wakulima. Daktari wa kijijini! Vena ya mguu ni ndefu, ni rahisi kuichukua, na mtu aweza kuishi bila hiyo moja. Imeokoa watu wengi sana, mimi siidharau hata siku moja.

Lakini ina shida moja kubwa na shida hiyo ndiyo ilompata mjomba wangu.

Mjomba yuko pale karibu na nguzo, mkitaka mgeukieni, amenipa ruhusa. Huyu ni nahodha, bahari yote hii kutoka hapa mpaka Kiunga aijua kama kiganja chake. Mwaka 2009 kifua kikamshika, mji ukachanga, akapelekwa nje ya nchi, nchi siitaji na hospitali siitaji. Akafunguliwa, akapachikwa mishipa mitatu, akarudi, tukachinja. Mimi nilikuwa chuo cha unasi mwaka wa mwisho najiona najua kila kitu, nikaipokea ile bahasha ya ripoti nikaiweka kwenye droo pamoja na pasipoti yake. Sikuisoma. Mnaskia? Nasi mzima. Sikuisoma.

Akaishi vizuri, akarudi baharini, akaoza mabinti wawili. Alafu 2018, miaka 9 baadaye, siku moja atoka gatini kuelekea nyumbani, pale tu kabla ya kufika Usita wa Mui, kifua kile kile. Akaja Nairobi, akafanyiwa anjiogramu, ile ya kutia rangi mishipani waone damu yapita wapi. Mishipa miwili kati ya ile mitatu ilikuwa imekufa kabisa, imeziba tap. Daktari wetu akaangalia picha akanigeukia akaniuliza, "Lima yake iko wapi?" Yaani ule mshipa wa kifuani, ntawaeleza. Nikapiga simu nyumbani, bahasha ikatolewa kwenye droo, binamu akanisomea herufi kwa herufi. Vena ya mguu, vena ya mguu, vena ya mguu. Mitatu yote. Mshipa wa kifuani haukuguswa. Yawezekana walikuwa na sababu, yawezekana ilikuwa ni dharura, karatasi haikueleza na sisi hatukuwahi kuuliza.

Ndugu zangu, kwanini vena ya mguu hufa? Nendeni Matondoni mkamuulize fundi wa jahazi. Fundi akitafuta mti wa taruma, ule ubavu wa jahazi, hachukui mbao ilonyooka akailazimisha ipinde. Aingia msituni atafuta tawi lilokua limepinda lenyewe, manake lile lishazoea, ile ya kulazimishwa siku moja baharini itapasuka. Vena ya mguu ni mbao ya kulazimishwa. Maisha yake yote imezoea damu ya polepole yenye nguvu ndogo, ukiwa umelala haifiki hata 10 kwa kile kipimo cha presha. Leo waitoa mguuni waipachika kwenye moyo, yapigwa na presha ya 120 mara laki moja kwa siku. Yafanyaje? Yajihami. Ukuta wake wa ndani waanza kunenepa, wanenepa, wanenepa, mafuta nayo yaja yajishikiza, mwisho ndia yafungwa. Tena hiyo vena ina vilango vya ndani vya kuzuia damu isirudi chini, kwa hivo ni lazima daktari aigeuze kichwa chini miguu juu, akisahau damu haipiti kabisa. Hesabu yake iko hivi: katika kila vena 100 za mguu, kama 10 mpaka 20 huziba mwaka wa kwanza tu. Ikifika miaka 10, karibu nusu zimeziba.

Nusu! Kwa mzee wa miaka 80 hiyo si kitu. Kwa kijana wa miaka 48 aliye na watoto shule ya msingi, miaka 10 ni nini?

Sasa njooni kifuani. Nyuma ya mbavu, kando ya ule mfupa wa katikati, kila upande kuna ateri moja, mshipa wa kupeleka damu, yashuka kama kamba ilofichwa nyuma ya pazia. Ya kushoto ndio kipenzi cha kila mtu, na thieta twaiita kwa kifupi lima. Kwa hivo mkimskia daktari asema "tutatumia lima" msidhani awapeleka Mpeketoni kulima mahindi.

Hii lima ndio lile tawi lilokua limepinda lenyewe. Ni ateri, imezaliwa na presha, imekua na presha. Ukuta wake wa ndani watoa vitu vyake vyenyewe vya kuulegeza mshipa na kuzuia damu isigande, na mafuta hayaipendi, sijui niseme vipi, unafungua mzee wa miaka 70 kila mshipa wake umejaa chokaa kama ukuta wa nyumba ya mawe, waikuta lima iko laini kama ya mtoto. Mimi kila siku hunishangaza. Na juu ya hayo, shina lake halikatwi. Daktari aitenganisha na ukuta wa kifua, akata ncha ya chini tu, aishusha mpaka kwenye moyo aishona. Kule juu, chini ya mtulinga, bado imeshikana na bomba kubwa lake la asili.

Nayo yashonwa wapi? Kwenye ule mshipa wa mbele wa kushoto, mkubwa kuliko yote kwa kazi, ambao wazungu wameubatiza jina la mtengeneza wajane. Nadhani hilo halihitaji tafsiri kwa mama zangu upande huu.

Na mjue si jambo geni hili, ndio maana huniuma. Mrusi mmoja, Vasilii Kolesov, aliishona hiyo ateri ya kifuani kwenye moyo wa mgonjwa Leningrad tarehe 25 Februari 1964, moyo ukiwa wapiga, bila mashine ya kuushikilia, yaani miaka mitatu kabla ya Favaloro na vena zake. Wenziwe hawakumuunga mkono sana. Mwaka 1968 George Green akaifanya New York akitumia darubini ili aone anachoshona. Lakini vena ilikuwa rahisi na ya haraka, na watu ni watu, wakaenda na rahisi. Mpaka 1986 ndipo wale wale wa Cleveland wakatoa hesabu ya wagonjwa karibu 6,000 waliowafuata miaka 10. Wale waliokuwa na mishipa mitatu mibovu, kama 83 katika kila 100 walikuwa hai miaka 10 baadaye ikiwa walipewa ateri ya kifua pale mbele. Waliopewa vena tupu, 71. Watu 12 katika kila 100, kwa kubadilisha mshipa mmoja tu! Na lima zenyewe, zaidi ya 90 katika 100 huwa bado ziko wazi baada ya miaka 10.

Tangu hapo hakuna mjadala. Marekani, Ulaya, hapa kwetu, lima kwenye mshipa wa mbele ndio kawaida. Kama mtu wako aenda kupasuliwa na akaambiwa haitatumika, yaweza kuwa kuna sababu ya haki, lakini hiyo sababu mwaidai kwa heshima, mwaambiwa mkaa mkaelewa.

Haya, mkono. Hapa ntataka nyote mfanye kazi kidogo.

Kila mtu anyoshe mkono wake wa kushoto, kiganja juu. Wenye hina mpya mtaangalia kwa jirani manake rangi itatudanganya. Kunja ngumi kwa nguvu. Sasa mwenzako akubane kifundo kwa vidole viwili, kimoja upande wa gumba pale mapigo yapigapo, kimoja upande wa kidole kidogo. Bana kweli, usimuonee huruma. Fungua ngumi. Mwaona kiganja kimepauka? Sasa achia ule wa kidole kidogo peke yake, ule wa gumba endelea kubana. Rangi yarudi? Ikirudi ndani ya sekunde 5 mpaka 10 mkono wako una mabomba mawili na moja laweza kuulisha mkono mzima peke yake. Kipimo hiki chaitwa cha Allen, ni cha tangu 1929, siku hizi huongezewa na mashine. Mzee wangu pale rangi haijarudi? Hebu achiliwa basi, huyo kijana kakubana yote mawili.

Ule wa upande wa gumba ndio ateri ya mkono inayoweza kuchukuliwa. Na hadithi yake ni kama ya mtu alosingiziwa. Alain Carpentier huko Paris alianza kuitumia mwanzo wa miaka ya 1970, nyingi zikajikunja zikaziba, manake ateri hii ina nyama nyingi ukutani, ukiiguza vibaya yakaza kama pweza. Mwenyewe akasema basi tuiacheni. Ikaachwa. Miaka zaidi ya 10 ikapita, alafu wagonjwa wake wa zamani wakapigwa picha, na zile zilizohesabiwa zimekufa baadhi zikakutwa ziko wazi, laini, damu yapita! Daktari Christophe Acar na wenzake wakairudisha mwaka 1992, mara hii wakiitoa kwa upole pamoja na nyama zake za kando, na kumpa mgonjwa dawa ya kuizuia isikaze. Mwaka 2018 yakaunganishwa majaribio 6, wagonjwa 1,036, ateri ya mkono dhidi ya vena ya mguu kama mshipa wa pili, na baada ya miaka 5 matatizo ya moyo kwa wenye ateri yalikuwa pungufu kwa theluthi hivi. Mwongozo wa Marekani wa 2021 ukaiweka daraja la kwanza kwa mshipa wa pili kwa umuhimu.

Tulikuwa na mgonjwa mmoja, mshona kofia, wa pwani hii hii lakini msianze kumtafuta. Zile kofia za tundu ndogo ndogo za kushona miezi. Alipoambiwa mkono wa kushoto utachukuliwa mshipa alitia mikono yote miwili ndani ya kanzu akasema "Moyo fanyeni mtakavyo, mkono huu ndio unaolisha watu saba." Daktari hakubishana nae. Alikaa kitandani akamfanyia kile kipimo mara tatu, mpaka mwenyewe akaona rangi yarudi haraka. Akakubali. Baadae gumba lake kwa nyuma lilikufa ganzi karibu miezi miwili, na hilo hutokea, waambieni watu wenu wasishtuke. Ganzi ikaisha, akarudi kwenye sindano. Kofia ya kwanza aliyoshona akamletea daktari, ambae si Muislamu hata, na aivaa wodini kila Ijumaa, yampwaya, hakuna anaemwambia.

Ila ateri ya mkono ina masharti. Yataka ipelekwe kwa mshipa uloziba sana. Ukiipachika mahali ambapo ndia ya asili bado yapitisha damu nyingi, yenyewe yasinyaa, kama uchochoro usiopitwa na watu, waota majani mwisho wafungwa. Na mshipa uliopitishwa waya wa anjiogramu huwa umeumia ndani, kwa kawaida hautumiki tena, na siku hizi anjiogramu nyingi hupitia kifundo cha mkono wa kulia. Kwa hivo kama kuna dalili za baipasi mbeleni, mwambieni daktari mwauhifadhi wa kushoto. Mgonjwa wa figo nae ambae huenda akahitaji daialisisi, kusafishwa damu kwa mashine, mkono wake waachwa, utahitajika huko.

Sasa najua kuna kijana hapa ashafikiria, na aulize, "Basi si watumie ateri tupu, vena tutupe?" Aha. Kulikuwa na mama mmoja, mwili mkubwa, sukari ya miaka 15, kijana wake akaja na simu mkononi amesoma usiku kucha, ataka mama apewe ateri zote mbili za kifua, kushoto na kulia. Daktari akakataa, kijana akakasirika akadhani mama yake afanyiwa ubahili. Lakini sikilizeni. Ule mfupa wa kifua unaokatwa kati walishwa na hizo hizo ateri mbili. Ukichukua zote na mtu ana sukari, mfupa wakosa chakula, kidonda hakifungi, chaingia uchafu, na kidonda cha mfupa wa kifua mimi nimekiona, sikitakii adui. Waingereza, kina David Taggart wa Oxford, walijaribu kwa watu 3,102 katika nchi 7, nusu wapangiwe ateri mbili za kifua nusu moja. Vidonda vya mfupa vilikuwa 3.5 katika 100 kwa ateri mbili, 1.9 kwa moja. Na vifo baada ya miaka 10? 20.3 kwa 21.2. Karibu sawa sawa. Wenye kuzipenda ateri walivunjika moyo, wakasema ooh wengi wa kundi la ateri moja walipewa na ya mkono juu yake, na wengine wa kundi la mbili hawakupewa mbili, ni kweli, lakini matokeo ndio hayo na mimi siwafichi. Daktari anaeichuna ateri peke yake bila nyama za kando apunguza hiyo hatari ya kidonda, lakini kazi hiyo yataka mkono wa mazoea. Usimlazimishe daktari afanye asichokizoea kwenye kifua cha mamako.

Yule mama alipewa lima mbele na vena mbili za mguu, kifua kikapona vizuri. Kijana alikuja kuniomba msamaha mimi, sijui kwanini mimi.

Kwa hivo maswali ya kumuuliza daktari ni haya, yaandikeni kwenye simu: Lima itatumika kwenye mshipa wa mbele? Kama la, kwanini? Mshipa wa pili utatoka wapi, mkono wangu umepimwa? Nina sukari, navuta sigara, hilo labadilisha nini? Na baada ya operesheni, naomba ripoti iloandikwa mshipa gani umeenda wapi. Daktari mzuri hakasiriki, tena hufurahi, kalamu atoa yeye akuchoree.

Na kuhusu sigara. Hata upachikwe mishipa ya dhahabu, ukirudi barazani ukawasha, ukaacha aspirini na dawa ya kolestro kwa sababu eti wajihisi uko sawa, tutaonana tena, na mara ya pili kifua kishashikana ndani, kila kitu ni kigumu zaidi. Mjomba yeye hakurudi mezani, aliwekewa stenti mbili kwenye mishipa yake ya asili, na mogokaa, yale majani ya kutafuna, ameacha. Mjomba umeacha? Amesema ameacha, mashahidi ni nyinyi.

Muda umenitupa mkono. Swali moja tu, ndio bibi.

(Bibi mmoja wa Mkomani akauliza: "Mwanangu, huo mkono ukishatolewa mshipa, presha mtanipimia wapi?")

Swali zuri hilo bibi yangu. Presha yapimwa juu ya kiwiko, pale pako salama, na mkono wa pili upo. Lakini mapigo ya kwenye kifundo upande wa gumba yaweza yasiskike tena. Kwa hivo ukienda kliniki yoyote useme mapema kwamba mkono huu ulitolewa mshipa, nasi mgeni asije akashika pale akakosa mapigo akatangaza umekufa nawe wamtizama kwa mato.

Hapo mwadhini akaanza Maghribi, tukakatiza.

Baada ya swala walikuja nyumbani kwa mama watu watatu na bahasha zao tukazisoma barazani kwa tochi ya simu. Mmoja lima iko, alhamdulillah. Wa pili lima na mkono, hakuwa ajua, alidhani lile kovu la mkononi ni la dripu. Bahasha ya tatu ilikuwa bado imefungwa na gundi ya hospitali, tangu 2016, tukatafuta kisu.